Maiti iko kwenye sofa, na kesho kuna shoo

Jamani mi na muvi za "nani kaua" tumetoka mbali, ila zile za kwenye jumba kubwa la tajiri zimeshaanza kunichosha, mzee anakutwa amekufa maktaba, watoto wanagombea urithi, mpelelezi anawakusanya sebuleni anawachambua mmoja mmoja, basi. Zinazonishika mpaka leo ni zile za mauaji ya kuchekesha yanayotokea kwenye ukumbi wa maigizo, nyuma ya pazia, katikati ya waigizaji na mawigi yao. Na sababu yangu ni moja tu. Kwingine kote mtu akikutwa amekufa watu wanauliza nani kafanya hivi. Kwenye ukumbi wa maigizo mtu wa kwanza kuifikia maiti anauliza, sasa kesho shoo ipo au haipo?

Afu hawaulizi kwa ubaya, ndo walivyo. Tiketi zimeuzwa, mabango yamebandikwa, staa kaacha dili lingine kwa ajili ya hii, wewe unakuja kufa katikati ya msimu, huna hata aibu.

Chukua See How They Run ya 2022, dairekta Tom George, skripti kaandika Mark Chappell. Ni London mwaka 1953, mtaa wa West End, na mchezo wa jukwaani wa Agatha Christie, yule mtunzi wa hadithi za mauaji, unaoitwa The Mousetrap, umefikisha shoo ya mia. Kuna pati, watu wamependeza, glasi zinagongana. Katikati yupo Leo Köpernick, dairekta wa Hollywood (Adrien Brody), kaletwa ili mchezo augeuze filamu, na huyu mtu ana kila tabia ya kukufanya umchukie ndani ya dakika tano, mlevi, mdomo mchafu, anawasumbua wake za watu, mpaka anarushiana ngumi na Richard Attenborough, staa wa mchezo, mbele ya wageni. Anaenda chumba cha mavazi kubadili nguo na huko ndo safari inaishia. Maiti yake inakutwa imekalishwa kwenye sofa ya jukwaani, yani muuaji kaangalia seti akaona hapa patakaa vizuri.

Na utamu ni kwamba anayetusimulia hadithi ni marehemu mwenyewe. Tangu mwanzo anaiponda aina hii ya hadithi, anasema ukiona moja umeziona zote, na anatutajia kanuni kwamba anayekufa wa kwanza siku zote ni yule asiyependwa na mtu, anaisema kwa raha zake kabisa, haoni kwamba anajitabiria.

Polisi wanaokuja nao ni burudani. Inspekta Stoppard (Sam Rockwell) mguu unachechemea, pombe haimuachi, maswali anauliza kama mtu anayetamani majibu yawe mafupi. Kapewa Konstebo Stalker (Saoirse Ronan), binti wa kazi, anaandika KILA kitu kwenye daftari. Akiambiwa usikimbilie kuhukumu, anaandika kwenye daftari usikimbilie kuhukumu, anafunga daftari, anamhukumu anayefuata. Kila mshukiwa anayetokea yeye keshamaliza kesi. Saoirse Ronan hapo hachekeshi kwa kulazimisha, anakuwa tu makini kupita kiasi na wewe unakufa mbavu. Waliosoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla wanaijua raha ya mpelelezi kutembea na mwenzake, ila Najum angalau alikuwa anamsubiri bwana mkubwa amalize kiko chake.

Jina la Stoppard halijaokotwa barabarani. Tom Stoppard ana mchezo wake wa 1968, The Real Inspector Hound, ambapo wahakiki wawili wamekaa kwenye viti vyao wanatazama mchezo wa mauaji wakipiga umbea wao na mwisho wanajikuta wamevutwa jukwaani, kesi imewageukia wao. Filamu imejaa vijembe vya namna hiyo. Kuna sini David Oyelowo, ambaye humu ni mwandishi wa skripti mwenye maringo ya kufa mtu, anamfokea Köpernick kwamba kurudisha hadithi nyuma ni ushamba, kitakachofuata hapo mtaniwekea na maandishi kwenye skrini ya wiki tatu baadaye. Hajafunga mdomo vizuri, skrini inaandika WIKI TATU BAADAYE. Nilirudisha nyuma kuitazama tena, sioni haya kusema.

Sasa, kiini cha kesi yenyewe ni mkataba, na mkataba huo upo kweli, hawajautunga. The Mousetrap ilianza Nottingham Oktoba 6, 1952, ikaingia London kwenye ukumbi wa Ambassadors Novemba 25 mwaka huohuo, na haki za filamu zilipouzwa kwa prodyuza John Woolf mwaka 1956 kukawa na sharti kwamba hakuna kupiga filamu mpaka mchezo uwe umeondoka West End kwa muda wa miezi sita. Nadhani walidhani watasubiri mwaka, miwili. Ule mchezo haujaondoka hadi leo! Mwaka 1974 ulihamia tu ukumbi wa jirani, St Martin's, ukaendelea na safari, Novemba 2012 ukatimiza shoo ya 25,000, na Woolf akafariki 1999 bila kuwasha kamera. Corona ndo iliyoweza kuufunga, Machi 16, 2020 mpaka Mei 17, 2021, miezi kumi na minne, na mi hapo nilikuwa nasubiri nione ni nani atachomoka na skripti mkononi, wapi.

Kwa hiyo ukiwa mtunzi wa hadithi za mauaji umepewa zawadi. Mtu mwenye hela nyingi amefungiwa filamu yake na mchezo usiotaka kufa. Nani anafaidika mchezo ukifungwa? Nani anafaidika ukiendelea? Maiti ikitokea jukwaani, mchezo utafungwa au ndo watu watapanga foleni zaidi kuja kuona sofa yenyewe? Ndani ya filamu wenye mchezo wanayapigia hesabu haya maiti ikiwa bado haijapoa, na prodyuza wa mchezo Petula Spencer (Ruth Wilson) anaongea na polisi huku jicho liko kwenye hela za mlangoni.

Huyo Woolf, kwa kupita tu, ndo yule ambaye kampuni yake ya Romulus ilitia hela kwenye The African Queen ya 1951, ile ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye kiboti, waliyoipigia Kongo na Uganda huku hadithi yenyewe ni ya huku kwetu enzi za Mjerumani. Humu anaigizwa na Reece Shearsmith. Attenborough naye ni mtu wa kweli, yeye na mke wake Sheila Sim ndo walioufungua mchezo 1952, na walikubali kukatwa mshahara ili wapate asilimia 10 ya faida, akili kubwa hiyo, miaka ya baadaye akauza fungu lake ili filamu yake ya Gandhi isikwame. Harris Dickinson anamuigiza kama kijana mpole anayejiona mpelelezi kweli kwa sababu jukwaani anaigiza polisi, mpaka anampa Stoppard ushauri wa kitaalamu. Mi hapo nilicheka peke yangu.

Haya. Kuanzia hapa namwaga mwisho wa See How They Run. Ambaye hajaiona aruke mpaka pale nitakapoanza habari za Vincent Price, nisije nikalaumiwa.

Muuaji ni Dennis, yule kijana wa kuonyesha watu viti. Charlie Cooper anamuigiza. Umemuona toka mwanzo, anakupisha mlangoni, anajibu maswali kwa adabu, na hujamtazama hata mara moja kwa sababu mtu wa kuonyesha viti hatazamwi, watu wanatazama namba ya kiti. Kwenye ukumbi wenye watu mia kadhaa wanaolilia kuonekana, aliyeua ni yule ambaye kazi yake ni kutoonekana. Nimeipenda sana hiyo.

Ila sababu yake ndo iliyonikalisha chini. Mwaka 1945 huko Shropshire, mtoto wa miaka 12 anaitwa Dennis O'Neill alikufa shambani kwa watu waliokabidhiwa na serikali wamlee. Alipigwa na kushindishwa njaa. Mdogo wake alikuwa hapohapo, akapona, akatoa ushahidi mahakamani. Mlezi wa kiume alifungwa miaka sita, Uingereza nzima ilitikisika, na sheria ya watoto ya 1948 ilisukumwa kwa sehemu na kesi hiyo. Mwaka 1947 BBC wakamuomba Agatha Christie aandike mchezo wa redio wa kumpongeza Malkia Mary kutimiza miaka 80, na alichoandika kilitokana na kisa hicho. Mchezo huo wa redio ndo uliokuja kuwa The Mousetrap.

Fikiria hapo kidogo. Mtoto kafa kwa kipigo na njaa, miaka miwili baadaye ni burudani ya besdei ya malkia, miaka mitano baadaye ni shoo ya kila usiku na watu wananunua aiskrimu wakati wa mapumziko. Dennis wa kwenye filamu (jina la ukoo wamembadilisha, na yote anayoyafanya ni ya kubuni) ni yule ndugu aliyepona. Kawaua Köpernick na yule mwandishi wa skripti kwa sababu sasa hao wanataka kukichukua kilio cha kwao wakipeleke na Hollywood. Anachotaka ni mchezo ufungwe. Yani yeye ndo mtu pekee kwenye filamu nzima ambaye anasema shoo isiwepo, na yeye ndo muuaji.

Na hapa ndo nina ugomvi na filamu. Inalifungua jambo zito kiasi hicho, inakuacha uanze kujiuliza mimi hapa na bisi zangu nacheka nini, afu inakimbia. Watu wote wamealikwa kwa barua za uongo nyumbani kwa Christie, nje theluji, Dennis ana bunduki anasema ya moyoni, dakika chache hivi, kisha vurugu inaanza, moto, risasi, Christie mwenyewe (Shirley Henderson) keshatia sumu ya panya kwenye chai iliyokusudiwa kwa Dennis ikanywewa na mtumishi wake maskini wa Mungu, na baadae anatokea na chepe. Ni mwisho uleule ambao marehemu Köpernick alikuwa ameuchora mwanzoni akitaka kuuweka kwenye filamu yake na kila mtu akamcheka. Kiufundi ni utani mkali sana, nakubali. Ila yule kijana alikuwa na hoja, na hoja yake haikujibiwa na mtu, ilipigwa chepe.

Kuna wanaosema ndo maana yenyewe, kwamba filamu inajicheka kwa kufanya dhambi ileile inayoisema. Sawa. Mi bado naona wangempa dakika tatu zaidi.

Humo nyumbani kwa Christie ndo mnakutana na mume wake, Max Mallowan, na anayemuigiza ni Lucian Msamati. Jina si limekuambia kitu? Kazaliwa London 1976, wazazi Watanzania, kakulia Zimbabwe, na huko Harare ndo alikoanzia jukwaa na wenzake kabla hajarudi Uingereza. Wengi wanamkumbuka kama Salladhor Saan wa Game of Thrones, au yule fundi magari mpole J.L.B. Matekoni kwenye The No. 1 Ladies' Detective Agency iliyopigwa Botswana. Ila nyumbani kwake hasa ni jukwaani, mwaka 2015 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuigiza Iago, yule mbaya wa Othello, katika Royal Shakespeare Company, na mwaka uliofuata akawa Salieri kwenye Amadeus pale National Theatre. Mtu wa namna hiyo humu kapewa kukaa mezani na kushangaa wageni. Anashangaa vizuri sana, uso wake ule wa mwenye nyumba anayeona zulia linaharibika umenibakia, lakini jamani, mumpe huyu mtu kesi nzima aichunguze.

Vincent Price sasa, rudini wote. Theatre of Blood ya 1973, kaiongoza Douglas Hickox. Hii wala haina siri ya nani kaua, unamjua tangu mapema, ni Edward Lionheart (Price mwenyewe), mwigizaji wa Shakespeare ambaye wahakiki wa London wamemsimanga miaka nenda rudi na mwisho wakamnyima tuzo. Watu wakadhani kajitupa mtoni kafa. Hakufa. Karudi kuwaua mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anakufa kifo cha kutoka kwenye tamthilia za Shakespeare, zilezile walizomponda nazo.

Na Mtanzania ana nafasi ya mbele kabisa kwenye hii, kwa sababu vifo viwili vya humo Mwalimu Nyerere alishatutafsiria! Mhakiki wa kwanza anavamiwa na kundi la watu na kuchomwa visu mwezi Machi, hiyo ni Juliasi Kaizari. Mwingine anakatwa ratili yake ya nyama, moyo mzima unawekwa kwenye mizani, hiyo ni Mabepari wa Venisi, ila kwa marekebisho, maana tunaokumbuka kitabu tunajua Shailoki nyama hakuipata. Na wahakiki waliobaki wakisikia jinsi mwenzao alivyokufa wanajua hapohapo muuaji ni nani, nani mwingine mwenye kiburi cha kumsahihisha Shakespeare?

Wengine wanakufa vibaya zaidi, mmoja anazamishwa kwenye pipa la mvinyo, mwanamama mmoja anachomwa na umeme saluni akitengenezwa nywele, na kuna yule mnene mpenda kula, Robert Morley, ana vijibwa vyake viwili vya manyoya anaviita watoto wake, analetewa pai na wapishi wa uongo wa televisheni, anakula, anasifia, anauliza watoto wangu wako wapi. Hapo mwenye roho nyepesi atoke nje kwanza. Price anaigiza yote haya kwa mbwembwe za mtu aliyesubiri nafasi hii maisha yake yote, anabadili nguo, anabadili lafudhi, kila kifo anakitolea hotuba nzima huku anayeuawa hana pa kwenda, ni hadhira iliyofungwa kamba. Kinachonimaliza ni kwamba hata mwisho, jengo linaungua, mhakiki pekee aliyepona bado anatoa maoni yake kuhusu uigizaji wa Lionheart, alizidisha chumvi kama kawaida yake. Mtu katoka kuponea kifo na bado anatoa maksi!

(Udaku: yule mwanamama wa saluni ni Coral Browne. Walikutana na Price kwenye hii kazi, yeye akamkaanga kwa umeme, mwaka 1974 wakaoana.)

Ya tatu ni Bullets Over Broadway ya 1994, ya Woody Allen, New York miaka ya 1920. Mwandishi kijana hana hela, mfadhili anayepatikana ni jambazi, na sharti la jambazi ni kwamba demu wake Olive apewe nafasi. Olive hajui kuigiza, sauti kama mlango usiotiwa mafuta. Analetwa mazoezini na mlinzi wake, Cheech, jitu la bunduki, linakaa viti vya nyuma limekunja uso, siku moja linachoka linasema haya maneno mbona hakuna mtu anaongea hivi. Linarekebisha mstari mmoja. Mstari unakuwa mzuri. Linarekebisha mwingine. Mpaka mchezo wote unakuwa wa Cheech, na yule msomi aliyejiita msanii anagundua kipaji kilikuwa kimekaa nyuma na bastola kiunoni. Afu Cheech anafanya ambalo madairekta wote wamewahi kuliota, anaona Olive anamuharibia kazi, anampeleka gatini anampiga risasi. Chazz Palminteri anaicheza bila kukonyeza macho, kwake ni kama kufuta neno lililokosewa. Dianne Wiest alibeba Oscar kwa yule mama staa anayemziba mwandishi mdomo kila akitaka kusema mapenzi, na haki yake.

Wanaopenda tamthilia za vipande wana Only Murders in the Building msimu wa tatu, 2023, Paul Rudd anaanguka jukwaani usiku wa ufunguzi. Nzuri, Meryl Streep yumo, ila ni ndefu kuliko kesi yenyewe.

Na kabla hamjaja kuniuliza muuaji wa The Mousetrap yenyewe ni nani, sisemi. Pale St Martin's mchezo ukiisha waigizaji wanawaomba watazamaji waondoke na siri, na watu wameitunza tangu 1952, si mimi nitakayeimwaga huku mtandaoni. Ya Dennis nimewaambia kwa kuwa filamu haikuniomba chochote. Mwenye kuunganisha aunganishe kimyakimya.